Kwa nini bingwa wa moyo wa watoto afundishwe utafiti

Mtoto anayeugua koo mara kwa mara kutokana na bakteria aina ya streptokoka, asitibiwe ipasavyo, anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikajeruhi valvu za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Kwa miaka mingi madaktari wamejua kwamba sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 humkinga mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo isimrudie. Waliosumbua vichwa ni watoto wasio na dalili yoyote. Wanacheza, wanakimbia, wanakwenda shule, lakini ukiwapima ECHO, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo, unakuta valvu zimeanza kubadilika. Je, nao wachomwe sindano kila mwezi kwa miaka?

Swali hilo lilijibiwa kaskazini mwa Uganda na madaktari wa nchi hiyo wakishirikiana na wenzao wa Marekani. Walipima watoto zaidi ya 102,000 wa umri wa miaka 5 hadi 17, wakaingiza 818 kwenye utafiti. Kundi moja, lililochaguliwa kwa bahati nasibu, lilipewa sindano kila wiki 4 kwa miaka 2. Kundi la pili halikupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliohesabiwa mwishoni walikuwa 799. Kati ya watoto 399 waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3. Kati ya 400 wasiochomwa, ulisonga mbele kwa 33.

Hebu litazame tena kundi la pili. Watoto 367 hawakuzidiwa, na hakuna aliyewapa sindano hata moja. Daktari ambaye angewachoma watoto wote wa kliniki yake angeona karibu wote wanaendelea vizuri, akaisifu dawa kwa nafuu ambayo wengi wangeipata bila hiyo dawa. Mwenzake wa hospitali ya jirani, asiyewachoma, naye angeona wengi wako salama na kusema sindano ni usumbufu mtupu. Mmoja angepatia kwa kubahatisha, mwingine angekosea, na uzoefu wa miaka 20 usingewasaidia kujua nani ni nani.

Hiyo ndiyo sababu ya daktari anayesomea ubingwa bobezi wa moyo wa watoto kufundishwa utafiti pamoja na kusoma ECHO na kupitisha mirija kwenye mishipa. Marekani, kwa mfano, baada ya shahada ya udaktari mtu husomea magonjwa ya watoto kwa miaka 3, kisha moyo kwa miaka mingine 3. Ndani ya hiyo miaka ya moyo ni lazima afanye kazi ya kitaaluma, kama vile utafiti, inayosimamiwa na kamati ya watu wasiopungua watatu, na asipoitimiza bodi inayotoa ubingwa haimruhusu kufanya mtihani.

Magonjwa ya moyo ya watoto yana ugumu wake. Karibu watoto 8 hadi 10 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wana hitilafu ya moyo, lakini hitilafu zenyewe ni za aina nyingi, na baadhi ni adimu mno hivi kwamba hospitali moja huona wachache tu kwa mwaka. Hapo ni rahisi kuazima tiba ya watu wazima. Enalapril, dawa ya presha na moyo, huwasaidia watu wazima wenye moyo uliochoka, hivyo ikaonekana ni jambo la akili kuwapa pia watoto wachanga wenye chemba moja tu ya moyo inayofanya kazi. Vituo kadhaa vya Amerika Kaskazini viliungana vikaijaribu kwa watoto 230, na mwaka 2010 vikatangaza kuwa haikuwaongezea ukuaji wala nguvu ya moyo. Kwangu mimi, matokeo ya aina hiyo yana thamani sawa na ugunduzi wa dawa mpya. Mama ameondolewa kazi ya kumnywesha mtoto dawa isiyomfaa.

Kwetu Tanzania, madaktari wengi wanaosomea ubingwa huanzia utafiti wao kwenye majalada ya zamani ya wagonjwa, kwa kuwa ni nafuu. Majalada yana hila zake. Uzito haukuandikwa, tarehe ya upasuaji haisomeki, na walioacha kuja kliniki hawajulikani kama walipona, walihamia mkoa mwingine au walifariki. Mwanafunzi akihesabu waliorudi tu, matokeo ya upasuaji yatapendeza kuliko ukweli. Msimamizi mzuri humrudisha akapige simu, amtafute kila mmoja. Kazi hiyo inataka muda, na sioni faida ya kumdai mtu tasnifu huku analala wodini usiku wa zamu mara kwa mara. Ukimnyima muda, utapata karatasi yenye majedwali ambayo hata yeye haiamini.

Basi mzazi akiombwa mtoto wake aingie kwenye utafiti, na aulize. Nini kitaongezwa juu ya matibabu ya kawaida? Damu kiasi gani? Nani analipia vipimo vya ziada? Tanzania, utafiti unaohusisha wagonjwa hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, ya taasisi au ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na majaribio ya dawa yanahitaji pia kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kukataa hakumpunguzii mtoto huduma, na aliyekubali anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye, na akisema hataki asilazimishwe. Fomu ya ridhaa isainiwe baada ya kusomwa, kwa lugha anayoielewa mzazi, na nakala moja aondoke nayo: ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, ambayo hupokea malalamiko moja kwa moja bila kupitia kwa daktari anayemtibu mtoto.