Flashi na jua la pwani ya Mtwara: anza na anga

Sehemu kubwa ya pwani ya Mtwara na Lindi inatazama mashariki, na jambo hilo huamua mengi katika picha za watu kabla hata kamera haijatolewa kwenye mkoba. Mteja anayetaka bahari iwe nyuma yake asubuhi, iwe Shangani au Msimbati, huwa ameligeuzia jua mgongo, hivyo uso wake unabaki kivulini huku maji yakimeremeta. Alasiri bahari inakolea rangi vizuri zaidi, lakini jua linampiga usoni na macho yanafumba nusu. Mimi huchagua asubuhi, kwa sababu uso ulio kivulini husaidiwa na flashi, ilhali mtu aliyekunja uso kwa jua hana msaada.

Mwanga wa flashi hudumu kwa muda mfupi mno, kwa hiyo kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga) haiuongezi wala haiupunguzi. Kasi hiyo hutawala jua peke yake, wakati tundu la lenzi na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hugusa vyote viwili, jua na flashi. Ndiyo maana huanza na anga: nazima flashi, naweka ISO 100 na shata 1/200 ya sekunde, kisha nafunga tundu mpaka mawingu yaonyeshe umbile lake, na kwenye jua kali hilo hunifikisha karibu na f/11 (namba ya f ikikua, tundu hupungua). Uso huonekana mweusi, na mteja akiuchungulia kwenye kioo cha kamera hushtuka. Ndipo nawasha flashi na kuipandisha kidogo kidogo hadi uso ufikie karibu stopu moja chini ya anga (kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu). Ukiulinganisha kabisa na anga, mtu huonekana kama amebandikwa juu ya bahari.

Kamera nyingi hazipatani na flashi ya kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250. Ukizidisha, pazia la shata huziba sehemu ya fremu na picha hutoka na utepe mweusi. Zipo flashi zinazokwepa hilo kwa kumimina mwanga mfululizo, ila nguvu yake hupungua sana, na mchana nguvu ndiyo tunayoihitaji. Anayetaka mandhari ya nyuma yapoteze ukali ni heri afunge kichujio cha kijivu cha stopu tatu, kioo cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, afungue lenzi kutoka f/11 hadi f/4, na uwiano wa jua na flashi utabaki ulivyo.

Umbali nao ni nguvu. Kuisogeza taa kutoka mita 3 hadi mita 1.5 huongeza mwanga unaomfikia mtu mara 4, yaani stopu mbili bila gharama yoyote.

Mtihani wenyewe ni bwana harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe. Flashi ikielekezwa kifuani, darizi za shingoni hupotea kwa weupe na uso bado unadai mwanga. Huiinua taa juu kidogo ya kichwa chake, nikaielekeza juu zaidi kuliko inavyotarajiwa, ili uso upate kiini cha mwanga na kanzu ipate ukingo tu. Paji la uso lifutwe kwa leso kwanza, maana jasho hung'aa kuliko kanzu yenyewe. Mwavuli husaidia kulainisha mng'ao huo, lakini msimu wa kusi upepo huuangusha pamoja na stendi, kwa hiyo msaidizi aishikilie muda wote.