Programu zilizokuja na kompyuta yako: zipi ufute, zipi uache

Kila mwaka wa masomo unapoanza, dawati letu la TEHAMA hapa chuoni Mbeya hujaa kompyuta mpakato zilizotoka maduka ya Mwanjelwa. Lalamiko ni lile lile: mashine haijamaliza hata mwezi, inachelewa kuwaka, na bando linayeyuka bila mtu kuangalia video. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima, ila imebebeshwa mizigo.

Wenye programu huwalipa watengenezaji wa kompyuta ili bidhaa zao zipakiwe huko huko kiwandani. Ndiyo maana unakuta michezo ambayo hukuiomba. Si kero tu. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Lenovo iliuza kompyuta zenye Superfish, programu iliyopenyeza matangazo kwenye kurasa za intaneti na kudhoofisha usalama hata wa tovuti za benki.

Anza na kinga ya virusi ya majaribio. Nyingi huisha baada ya siku 30 au zaidi kidogo, kisha huanza vitisho: maandishi mekundu, "uko hatarini", lipia leo. Watu huogopa kuifuta wakidhani wataacha mlango wazi. Sivyo. Windows 10 na 11 zina kinga yao, Defender, ambayo hujiweka pembeni ikikuta kinga nyingine na kurudi kazini yenyewe hiyo nyingine ikiondolewa. Hailipiwi hata senti. (Kulipia kinga ambayo hukuichagua, kwa sababu tu imekupigia kelele, kwangu ni sawa na kumlipa mpiga debe.)

Kufuta ni rahisi: fungua Settings, ingia Apps, halafu Installed apps; kwenye Windows 10 imeandikwa Apps & features. Chagua programu, bonyeza Uninstall, kisha zima na kuwasha upya. Kwa zile unazozihitaji lakini zinajiwasha zenyewe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta Startup, uzizuie hapo.

Sasa, mkono usiwe mwepesi. Microsoft Visual C++ huonekana mara nyingi kwenye orodha, kila moja na mwaka wake, na wengi hudhani ni marudio. Siyo, kila toleo lina programu zinazolitegemea. WebView2, sehemu ya Microsoft ambayo programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa za wavuti, nayo iache. Majina kama Intel, AMD na Realtek kwa kawaida ni ya draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa vya mashine kama kioo, sauti na Wi-Fi. Tumeshaletewa mashine "iliyokufa spika" kumbe mwenyewe alifuta draiva ya sauti.

Programu za bure zinazojinadi kuisafisha kompyuta kwa mbofyo mmoja hatuzishauri kabisa. Nyingi huingia na takataka zao wenyewe.

Mizigo ikizidi, dawa ni kupakia Windows upya kutoka Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo ya baadaye zimehifadhi leseni ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo hununui nyingine. Kwanza nakili kazi zako mahali pengine, kwa sababu diski itafutwa yote. Faili la Windows ni gigabaiti kadhaa. Usiliunguzie bando, tunalo hapa. Njoo na flashi tupu ya GB 8 au zaidi, na usisahau chaja.