Mtu "kuachia" mbele ya kamera: imani kwenye picha ni kitu gani hasa

Sisi tunaopiga picha za harusi tuna neno tunalirusha rusha kila siku, utasikia "huyu bado hajaachia" ama "subiri, sasa ameachia", na ukimuuliza mtu maana yake atakwambia ni mtu kurelaksi, basi. Sio hivyo tu bwana. Mtu anaweza kurelaksi kwa sababu ameshiba biriani. Kuachia kwenye picha ni mtu kukupa uso wake huku anajua unaenda nao wapi, na hiyo sehemu ya pili ndiyo inasahaulika, manake kila mtu anazungumzia tabasamu na macho na sijui konekshen kana kwamba kazi inaisha pale unapobonyeza.

Hebu tuangalie Kiswahili chenyewe kwanza. Tunasema kupiga picha, kwa hiyo yule mwengine anapigwa, kama ngoma, kama mwizi. Sasa sikiliza tofauti ya "nipige basi!" na "nilipigwa picha sokoni". Ile ya kwanza mtu kajileta mwenyewe, kashavuta mtandio, kashageuza upande anaoupenda. Ya pili kuna malalamiko ndani yake hata kama hajalalamika. Picha zinaweza kutoka na mwanga ule ule na uso ule ule, lakini moja imetolewa na nyengine imechukuliwa.

(Kabla mtu hajanikata kauli: sizungumzii ile imani ya mtazamaji, kwamba hii picha ni ya kweli ama imetengenezwa na kompyuta. Hiyo nayo ni mada na siku hizi ina vurugu zake, lakini sio hii.)

Sasa hii imani ya anayepigwa inaonekana vipi? Mimi naangalia mikono kabla ya uso. Uso mtu anaujua, ameshaufanyia mazoezi kwenye simu miaka na miaka, ukimwambia cheka anatoa ile cheka yake ya selfi sekunde hiyo hiyo. Mikono hakuna aliyeifanyia mazoezi. Mtu ambaye hajakuamini utakuta kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi, ama anashika mkoba kama yuko ndani ya matatu, ama anavuta vuta ukingo wa nguo. Halafu mabega, yako juu karibu na masikio. Basi pale wala sihangaiki na kamera, naishusha kabisa mpaka mapajani, nauliza mambo ya kawaida, mmetoka wapi, hiyo njia ya Nyali leo ilikuwaje, huyu mtoto ni wa ngapi. Picha kumi na tano za mwanzo za mtu yeyote mimi nazihesabu ni za kutupa, na nyengine sizipigi hata, nabonyeza tu asikie mlio auzoee. Ikifika wakati mabega yameshuka na mikono imesahaulika, hapo ndipo tunaanza.

Na nawaonyesha. Hii watu wengi wanaona kama ni kupoteza muda lakini kwangu ndio nusu ya kazi, nageuza kamera namwambia mama tazama, hii umeipenda ama niifute? Akisema futa naifuta mbele yake. Ukishafuta moja mbele ya mtu, zile zinazofuata anakuwa mtu mwengine kabisa, kwa sababu amejua "hapana" yake inafanya kazi.

Sasa kuna kosa moja naliona sana, watu wanadhani imani ni tabasamu. Ati picha isiyo na meno haina hisia. Nenda kafungue albamu ya bibi yako uangalie zile picha nyeusi na nyeupe, watu wamesimama wima, macho makavu, hakuna anayecheka, babu ameshika bakora kama askari. Huwezi kuniambia wale hawakumwamini mpiga picha. Walikuwa wamevaa nguo ya Idi, wametoka nyumbani kwa miguu kwenda studio, wamelipa. Kwao picha ilikuwa heshima, na mtu mwenye heshima hachekicheki ovyo. Hapa Mombasa kulikuwa na studio ya mpiga picha Parekh, Victory Studio, iliyokuwa inafanya kazi tangu miaka ya 1940, ukizitazama picha zake unaona wachumba, marafiki wawili wa kiume, mtu na dada yake, wamekaa karibu karibu, wamepangwa mkono hapa kidevu pale, yaani ni pozi tupu kuanzia juu mpaka chini na bado zimejaa upendo. Pozi haiuwi imani. Mara nyingine pozi ndiyo imani yenyewe, mtu anakuachia umpange.

Mfano mzuri kabisa wa hili ni mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako kule Mali. Alifungua studio yake 1948, nje uani, mwanga wa jua, na kitambaa chake cha nyuma cha mwanzo kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe lenye matamvua. Alikuwa na kamera kubwa ya kutumia karatasi za sentimita 13 kwa 18, filamu ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja mmoja anapigwa mara moja tu. Moja! Mimi na hizi kadi memori za gigabaiti mia na kitu nikifikiria napata jasho. Lakini kwa sababu ni moja, kazi yote ya kumfanya mtu aachie ilibidi iishe kabla ya kubonyeza. Alikuwa na saa, redio, kalamu, suti, hata Vespa, mteja anachagua anataka kuonekana nani. Mtu hana redio nyumbani kwake lakini kwenye picha ameegemea redio, na Keïta hamcheki, anamsaidia kuegemea vizuri. Hiyo kwangu ndiyo maana nzito ya neno, wewe mpiga picha kukubali jinsi mtu anavyojiona badala ya kumvizia uone "ukweli" wake, neno ambalo wengi wetu tunalitumia kujitetea tukishamuumbua mtu.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilioneshwa New York na pembeni zikaandikwa mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, yuko Bamako! Wakamtafuta wakampata, na 1994 akafanyiwa maonyesho Paris, akawa mkubwa duniani mpaka alipofariki 2001. Nafurahi kwa ajili yake, kabisa. Ila wale wateja, ile mama mwenye gauni la maua maua, yeye alimwachia Keïta uso wake kwa ajili ya ukuta wa sebule na bahasha ya kumtumia mchumba, hakuna aliyemwambia miaka arubaini baadaye atakuwa mkubwa kama mlango kwenye ukuta wa watu asiowajua, tena wengi bila jina. Sisemi ni dhambi. Nasema ile safari ya picha ilibadilika na mwenye uso hakuwepo kwenye kikao.

Ile ya Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, ni chungu zaidi. Machi 1936, kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, mama wa miaka 32 amekaa na watoto kwenye hema, njaa imewashika. Lange alikuwa anaipigia picha idara ya serikali ya Marekani. Akasogea, akapiga picha kadhaa, kila moja karibu zaidi, na ile ya mwisho mama kaweka mkono kwenye shavu na watoto wamegeuza nyuso ndiyo ikawa moja ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Mwaka 1960 Lange mwenyewe aliandika kwamba hakumuuliza jina wala historia yake, na kwamba yule mama alionekana kujua kuwa picha zingeweza kumsaidia kwa hiyo na yeye akasaidia. Hapo kuna imani, huwezi kukataa, inaonekana. Picha ilipotoka gazetini chakula kikapelekwa kambini, lakini yeye na wanawe walikuwa wameshahama. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana hadharani 1978, na alikuwa na uchungu, alisema hajapata hata senti na kwamba aliambiwa picha haitauzwa. Lange wala hakutajirika nayo, ilikuwa mali ya serikali. Lakini muulize Florence. Sura yake imekuwa sura ya umaskini wa nchi nzima na aliyempiga hakumuuliza hata anaitwa nani. Mimi tangu niisome hiyo habari jina nauliza kwanza, kabla hata ya kutoa kifuniko cha lenzi.

Lenzi nayo ina maneno yake kidogo. Ukiwa na ile ndefu ya milimita 200 unaweza kumpiga mtu kutoka ng'ambo ya barabara asijue. Ukiwa na 35 ama 50 lazima uwe pale pale, unasikia anapumua, na yeye anakuona. Ndiyo maana picha za lenzi fupi zinahisi ni za "ndani", sio uchawi wa kioo, ni kwamba mtu alikuruhusu ufike hapo.

Sasa nije kwetu, manake hakuna mahali hii dhana naiona wazi kama kwenye kupamba. Kwa asiyejua, hapa pwani kwenye harusi za Kiislamu kuna usiku wa wanawake peke yao, bibi harusi anapambwa anakalishwa jukwaani wanawake wenzake wamtazame. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, ndani ni magauni, nywele zimetengenezwa, dhahabu, asumini, piko mikononi. Shughuli nyingi simu zinazuiwa, kuna mama wa shoka kasimama mlangoni anakagua mikoba, na usijaribu kumdanganya. Halafu mimi, mwanamke mwenzao, napita na kamera mbili na fleshi. Mia na kitu wamenyang'anywa simu na mmoja ameruhusiwa kuingia na mitambo, fikiria hapo. Watu wanacheza mpaka jasho linatoka, wanacheka mdomo wazi, na kila mmoja pale amekubali kwa sababu anajua hizi picha zinaishia kabatini kwa bibi harusi.

Zamani za mikanda ya filamu ilikuwa balaa, umepiga wewe mwanamke, haya, unaupeleka wapi kusafisha? Studio kwa wanaume. Kwa hiyo imani ilikuwa haiishii kwako, inafika mpaka kwa fundi wa chumba cha giza. Siku hizi dijitali imepunguza, naediti mwenyewe, laptopu imeelekea ukutani, wengine wamenunua mpaka mashine zao za kuprinti.

Na bado niliwahi kuharibu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi, niliweka kwenye stetasi ya wasap picha ya mikono tu, mikono na hina, uso hakuna, jina hakuna, nikasema hii haina neno. Saa haikuisha simu ikalia, ni shangazi wa bibi harusi. "Mwanangu, zile bangili tano nimemvisha mimi, mji mzima wanazijua." Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma. Nikafuta, nikaenda kuomba radhi miguu mitupu sebuleni, nikapewa chai na hakuna aliyenitazama usoni. Mimi nilidhani uso ndio siri. Kumbe siri wanaipanga wao, na kwao mkono wenye bangili zile ni uso.

Sheria nayo imeanza kufika huku. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi, na klabu moja ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Tanzania wana yao ya 2022. Sawa, ni vizuri, lakini fomu ya idhini ni karatasi, nimeona watu wametia saini na mabega bado yako masikioni.

Mimi siku hizi utaratibu wangu ni huu, nikimaliza kazi ya kupamba na albamu ikishatoka, namkabidhi mama wa bibi harusi kadi memori yenyewe mkononi na kwangu nafuta kila kitu, na namwambia hivyo. Kuna mama mmoja aliipokea akaifunga kwenye pindo la leso yake kama hela ya sokoni, fundo mbili. Baada ya mwaka na nusu akanipigia, wamehama nyumba, kadi haionekani, na albamu imeingia maji. "Huna hata moja? Hata moja tu, mwanangu?" Nikamwambia mama nilifuta kama tulivyokubaliana. Akanyamaza. Halafu akafoka, kweli alifoka, ati sisi watoto wa siku hizi hatuna akiba ya kitu chochote, akakata simu. Nikajua nimempoteza huyo.

Wiki mbili hivi akapiga tena, hata salamu hakumaliza. Mdogo wake bibi harusi anapambwa mwezi ujao, niandike tarehe, na safari hii nije na kadi mbili, zote za kumpa yeye.