Injini ya mvuke haijengwi kwa jasho pekee

Wengi hudhani injini ya mvuke ikijengwa upya na watu wa kujitolea, haigharimu ila jasho lao. Sivyo. Tornado, injini ya treni iliyokamilika Darlington, Uingereza, mwaka 2008, ilichukua miaka 18 hivi na takriban pauni milioni 3. Wachangiaji wa kawaida walitoa kidogo kidogo, bei ya glasi moja ya bia kwa wiki. Boila lake, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, tena, si kazi ya karakana ya wapenzi wa reli. Liliagizwa Meiningen, Ujerumani. Na injini ikishatembea, bili haziishi: kila baada ya miaka 10 hivi hufunguliwa na kukarabatiwa upya. Kuchangia ndoto ni rahisi; kuchangia mabomba yaliyochakaa, nani anataka?