Ngwane na wajina wake

Kazi yangu ni majina ya mahali katika lugha za Kibantu, na hakuna jina linalowapotosha wanafunzi wangu kama Ngwane. Wanalikuta kwenye orodha ya wafalme, kwenye ramani na kwenye historia ya vyama, wakadhani ni kitu kimoja.

Kwa Waswazi, chimbuko ni Ngwane III, mtawala wa karne ya 18 anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa taifa la leo la eSwatini. Nchi yake ikaitwa kaNgwane, na watu wake bakaNgwane. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Hiyo *ka* ina maana ya *kwa* yetu, kama tunavyosema Kwa Mtogole au Kwa Aziz Ali pale Dar es Salaam: mwenyewe hayupo, pake pangali pake. Jina eSwatini limetokana na mfalme wa baadaye, Mswati II, aliyefariki 1868, na mwishoni lina *-ini*, jamaa wa *-ni* ya *mjini* na *shambani*.

Wafalme waliendelea kulirithi jina la Ngwane. Sobhuza I, maarufu kama Somhlolo, ni Ngwane IV. Bhunu ni Ngwane V. Alifariki Desemba 1899 akamwacha mwanawe, Sobhuza II, akiwa na miezi michache tu, na bibi wa mtoto, Labotsibeni, akaishika nchi hadi 1921.

Linaloniuma ni KaNgwane ya pili. Utawala wa makaburu ulilichukua jina hili la heshima ukalibandika kwenye eneo walilotengewa Waswazi wa Afrika Kusini. Mwaka 1982 Pretoria ilitaka kulikabidhi eneo hilo, pamoja na wilaya ya Ingwavuma, kwa Swaziland, kama eSwatini ilivyoitwa wakati huo. Uongozi wa KaNgwane chini ya Enos Mabuza ulipinga, na mpango ukaachwa 1984. Mwaka 1994 eneo likavunjwa, na leo ni sehemu ya mkoa wa Mpumalanga. Kwa hiyo ukisoma “KaNgwane” katika gazeti la miaka ya 1980, tazama kwanza inazungumziwa nchi ya mfalme au kipande hiki.

Ajabu nyingine ni kwamba chama cha upinzani cha Swaziland kilichoongozwa na Dkt. Ambrose Zwane, Ngwane National Liberatory Congress, nacho kilijiita kwa jina hilo hilo la kifalme. Kilipata viti 3 katika uchaguzi wa 1972. Aprili 1973 Sobhuza II akafuta katiba na kupiga marufuku vyama.

Halafu kuna amaNgwane wa KwaZulu-Natal, watu wa chifu Matiwane, waliovuka milima ya Drakensberg na kushindwa katika vita vya Mbholompo mwaka 1828. Hao wana Ngwane wao na ukoo wao. Ukiona *ama-* badala ya *baka-*, usikimbilie kuwaingiza katika historia ya eSwatini.