Je, wajua kwa nini jenerali wa nyota nne anaweza kushindwa kazi ya mnadhimu mkuu wa Ikulu?

Jumamosi jioni ya tarehe 20 Oktoba 1973, Alexander Haig alizungumza kwa simu na William Ruckelshaus, naibu mwanasheria mkuu wa Marekani. Haig alikuwa mnadhimu mkuu wa Ikulu ya Rais Richard Nixon, na miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa bado amevaa sare ya jenerali wa nyota nne. Nixon alitaka Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu wa kashfa ya Watergate, afukuzwe usiku uleule. Mwanasheria mkuu, Elliot Richardson, alikuwa ameshajiuzulu ili asiitie mkono kazi hiyo. Haig akamgeukia naibu wake na kumwambia kwamba amiri jeshi mkuu wake ametoa amri. Ruckelshaus naye akakataa, akaondoka kazini. Aliyetia saini barua ya kumfukuza Cox mwishowe ni Robert Bork, mtu wa tatu katika ngazi ya Wizara ya Sheria.

Kambini maneno ya Haig yangefunga mjadala. Wizarani yalimwongezea mtu mmoja kwenye orodha ya waliomkimbia rais wake, na ghadhabu ya umma iliyofuata ilimsogeza Nixon karibu zaidi na kujiuzulu kwake Agosti 1974.

Haig hakuwa mtu mdogo wala mjinga. Mwaka 1969 aliingia Ikulu akiwa kanali, msaidizi wa kijeshi wa Henry Kissinger. Kufikia Januari 1973 alikuwa na nyota nne begani, baada ya kurukishwa cheo cha luteni jenerali kabisa na kuwapita maafisa wengi waliomtangulia. Kwa nini basi mtu wa aina hii, aliyezoea kuongoza maelfu, akwame mbele ya raia mmoja mwenye dawati?

Jibu linaanzia kwenye kazi yenyewe. Mnadhimu mkuu jeshini si kamanda. Kamanda huamua, na mnadhimu na timu yake huugeuza uamuzi ule kuwa ratiba za kutembeza vikosi, chakula, risasi, ramani na ujumbe wa kupelekwa kwa wakati. Habari zinazopanda kwa mkubwa hupita mikononi mwake zichujwe, na maagizo yanayoshuka hupita hapohapo yafafanuliwe. Kila karatasi anayoitia saini huitia kwa niaba ya mwingine. Kwa lugha ya mtaani, anatembelea nyota ya mwenzake.

Hakuna aliyeionyesha tofauti hii vizuri kama Louis-Alexandre Berthier, mnadhimu mkuu wa Napoleon tangu kampeni ya Italia ya 1796 hadi 1814. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya vikosi na barabara, na aliweza kuyageuza mawazo ya bosi wake, yaliyotoka kwa haraka na nusunusu, kuwa maagizo ambayo kila jenerali angeyaelewa. Aprili 1809 Waaustria walipoivamia Bavaria, Napoleon akiwa bado hajafika, Berthier alijikuta yeye ndiye mwenye jeshi. Siku chache zilitosha kuvuruga mambo: vikosi vilitawanyika na kikosi kikubwa cha marshali Davout kikabaki hatarini upande wa Regensburg, mpaka Napoleon alipowasili tarehe 17 na kuanza kupanga upya. Ila miaka sita baadaye, kule Waterloo, Napoleon alipigana bila Berthier, aliyefariki tarehe 1 Juni 1815 kwa kuanguka dirishani mjini Bamberg. Nafasi yake alipewa marshali Soult, kamanda mzoefu wa uwanjani, na maagizo ya siku zile yalichelewa na kuchanganya watu. Kamanda hodari na mnadhimu hodari ni watu wawili, na majeshi yaliyaona haya mapema kuliko serikali za kiraia.

Sasa tazama jinsi jenerali anavyopikwa. Huanza luteni akiwa na platuni, akapanda kwenye kombania, kisha batalioni akiwa luteni kanali, kisha brigedi. Katikati ya vipindi hivyo vya uongozi hurudishwa makao makuu, au darasani kwenye chuo cha ukamanda na unadhimu, ambako hufundishwa kazi zote mbili. Katika jeshi la Marekani kuna shinikizo la ziada: asiyepandishwa cheo kwa wakati hustaafishwa, na tangu sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986, anayetaka nyota ya kwanza hana budi, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, awe amefanya kazi ya pamoja na matawi mengine ya jeshi. Nyota ya nne huja baada ya zaidi ya miaka 30 hivi. Anayeifikia ameshachujwa mara nyingi mno.

Watu husema majenerali hawaijui siasa. Mimi siamini. Wengi wa wanaofika juu wamekaa miaka nje ya mlango wa mwanasiasa fulani. Colin Powell alikuwa msaidizi wa kijeshi wa Waziri wa Ulinzi Caspar Weinberger kabla ya kuwa mshauri wa usalama wa taifa mwaka 1987, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi mwaka 1989, na hatimaye waziri wa mambo ya nje. John Kelly, jenerali wa kikosi cha Marine, aliwahi kuwa kiungo wa kikosi chake na Bunge, kisha msaidizi mwandamizi wa kijeshi wa mawaziri wawili wa ulinzi, Robert Gates na Leon Panetta. Panetta mwenyewe alikuwa mnadhimu mkuu wa Rais Bill Clinton miaka ya 1990, kwa hiyo Kelly aliiona kazi hiyo kupitia kwa mtu aliyeifanya.

Na bado ilimshinda, au tuseme ilimshinda kwa sehemu. Aliapishwa kuwa mnadhimu mkuu wa Rais Donald Trump tarehe 31 Julai 2017, baada ya Reince Priebus, mtu wa chama, kudumu miezi sita tu. Siku hiyohiyo Kelly alimwondoa Anthony Scaramucci, mkuu wa mawasiliano aliyekuwa akijisifu kwamba anaripoti kwa rais moja kwa moja. Akaagiza kwamba kila karatasi na kila mgeni wa ofisi ya rais apitie kwake, na agizo hilo likawagusa hata binti wa rais na mkwewe. Kwa wiki kadhaa magazeti yalimsifu kwa kurudisha nidhamu.

Nidhamu ile ilikuwa na tundu moja, na lilikuwa juu, si chini. Jeshini, kamanda anayeletewa taarifa zilizochujwa alishawahi yeye mwenyewe kuwa afisa anayechuja. Anaujua utaratibu na anauheshimu kwa sababu umeshamwokoa. Rais hajapita huko. Donald Trump alikuwa na simu yake na jioni zake, akiwapigia aliowataka, na hakuna mlinzi wa mlango awezaye kumfungia mwenye nyumba. Kelly aliondoka Januari 2019, na baadaye akawa miongoni mwa wakosoaji wakali wa rais aliyemtumikia. Katika muhula ule wa miaka minne, kiti hicho kilikaliwa na watu wanne.

Kuna jambo la pili ambalo kambi haimfundishi mtu. Mnadhimu wa kisiasa hufanya biashara kutwa: na wabunge, magavana, wachangishaji wa fedha za kampeni, waandishi wa habari. Mkono mtupu haulambwi, na mbunge anayeombwa kura ngumu atauliza atapata nini jimboni kwake. James Baker, ambaye wengi humtaja kama aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wote, alikuwa mwanasheria kutoka Houston. Aliwahi kufanya kazi katika kampeni mbili zilizopambana na Ronald Reagan, ile ya Gerald Ford mwaka 1976 na ile ya George Bush mwaka 1980. Reagan alimchukua hivyohivyo. Alijua ni nani ana deni kwa nani, na hilo halisomwi kwenye chuo chochote cha kijeshi. Susie Wiles, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, mwaka 2025, naye alikulia kwenye kampeni.

Njia hii ya kampeni ina haraka ambayo jeshi haina. Dick Cheney alikuwa mnadhimu mkuu wa Ford mwaka 1975 akiwa na miaka 34, umri ambao afisa wa kawaida bado anausubiri umeja au ndiyo kwanza ameupata. Tena kiti hicho ni ngazi: Cheney na mtangulizi wake, Donald Rumsfeld, wote waliishia kuwa mawaziri wa ulinzi, wakiwaamuru majenerali waliokuwa wakihenya mazoezini wao wakiwa Ikulu.

Hata hivyo wapo wanajeshi waliofaulu kando ya marais, na ukiwatazama utaona wana kitu kimoja: hakuna aliyejifanya kamanda. Admirali William Leahy aliitwa na Franklin Roosevelt Julai 1942 awe mnadhimu wake kama amiri jeshi mkuu. Alikuwa ameshamaliza ukuu wa jeshi la majini, ugavana wa Puerto Rico na ubalozi Ufaransa, kwa hiyo hakuwa na cheo cha kuwinda. Aliongoza vikao vya wakuu wa majeshi na kuwapelekea mawazo ya rais, na kumrudishia rais ya kwao, vita nzima.

Dwight Eisenhower, jenerali aliyezoea kuwa na mnadhimu, alikuwa mjanja zaidi. Aliigawa kazi. Upande wa siasa alimpa Sherman Adams, aliyekuwa gavana wa New Hampshire, ambaye aliushika mlango kwa ukali hadi 1958, alipoangushwa na zawadi za mfanyabiashara mmoja, likiwemo koti la manyoya ya vikunya, mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia. Upande wa karatasi na usalama alimpa Andrew Goodpaster, kanali aliyejeruhiwa Italia katika Vita Kuu ya Pili na kurudi shuleni kuchukua shahada ya uzamivu Princeton. Tangu 1954 hadi 1961 Goodpaster alihakikisha kila uamuzi wa rais umeandikwa, umepelekwa na umefuatiliwa, bila kelele. Mwaka 1969 akawa kamanda mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya. Aliyempokea kiti hicho mwaka 1974 alikuwa Haig, aliyerudishwa jeshini Nixon alipokwisha kuanguka. Haig alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1981, na siku Reagan alipopigwa risasi alisimama mbele ya wanahabari akasema yeye ndiye anayedhibiti mambo pale Ikulu. Mwaka uliofuata aliondoka.

Sheria za Marekani zenyewe zina ajabu yake hapa. Afisa wa jeshi la kudumu hawezi kuwa waziri wa ulinzi mpaka ipite miaka saba tangu avue sare (kumi kwa aliyekuwa jenerali au admirali), na Bunge limelazimika kutoa msamaha mara tatu: kwa George Marshall mwaka 1950, James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021. Mnadhimu mkuu wa Ikulu, ambaye siku nyingine huwa na nguvu kuliko waziri yeyote, hapigiwi hata kura na Seneti.

Wafaransa wameugawa mzigo kwa namna inayofanana na ya Eisenhower, na wao wameifanya desturi ya kudumu. Katika Ikulu ya Élysée siasa iko kwa katibu mkuu, ambaye ni raia, na masuala ya ulinzi, ya silaha za nyuklia yakiwemo, yako kwa mnadhimu wa kijeshi wa rais, ambaye habanduki kwenye sare. Kwa kuwa rais anamwona kila siku, kiti hicho mara nyingi hutangulia ukuu wa majeshi: Jacques Lanxade, Henri Bentégeat, Jean-Louis Georgelin na Édouard Guillaud wote walipita hapo, na mwaka 2025 akafuata Fabien Mandon.

Georgelin alipostaafu hakuachwa apumzike. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua Aprili 2019, Rais Emmanuel Macron alimpa kazi ya kusimamia ujenzi wake upya. Novemba mwaka huohuo, mbele ya kamati ya Bunge, jenerali alimtaka msanifu mkuu wa majengo, Philippe Villeneuve, afunge mdomo wake. Msanifu alikuwa akishikilia kwamba mnara ulioanguka ujengwe upya vilevile ulivyokuwa. Julai 2020 Macron alikubali ujengwe vilevile.