Je, wajua? Kwa nini mtoto anayekula maharage kila siku anaweza kupungukiwa damu

Shule nyingi za msingi za Dar es Salaam zinazotoa chakula cha mchana hupika vyakula vilevile: makande, wali maharage au ugali maharage. Jioni, nyumbani, kuna mchicha au matembele. Kwa hesabu ya harakaharaka, mtoto huyu anakula madini chuma asubuhi hadi usiku. Hata hivyo anaweza kusinzia darasani, akachoka upesi kuliko wenzake, akapelekwa zahanati na kukutwa na damu kidogo. Mzazi anaambiwa ampe maharage na mboga za majani, naye anabaki ameduwaa, kwa sababu ndivyo anavyompa kila siku.

Kushangaa kwake ni haki yake. Tatizo ni kwamba tumezoea kuhesabu kilichomo kwenye sahani, wakati mwili unahesabu kilichovuka ukuta wa utumbo. Kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti kubwa mno, na kinachoamua tofauti hiyo mara nyingi ni kikombe kilichowekwa pembeni ya sahani.

Ila kabla ya kufika kwenye kikombe, kuna imani moja ambayo lazima iguswe, maana inawala wazazi fedha na muda: kwamba chakula chekundu huongeza damu. Mtaani utaambiwa umpe mtoto juisi ya rozela, juisi ya bitiruti, au maji ya matembele. Mantiki yake inaonekana wazi kabisa. Damu ni nyekundu, juisi ni nyekundu, basi moja itageuka kuwa nyingine.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kila molekuli ya himoglobini imeshika atomu nne za chuma, na wekundu unatoka kwenye sehemu ile iliyoshika chuma. Wekundu wa rozela unatoka kwenye rangi za mimea ziitwazo anthosianini. Wa bitiruti unatoka kwenye rangi nyingine kabisa, betalaini. Rangi hizo hazina chuma ndani yake, na hakuna njia mwilini ya kuzigeuza kuwa himoglobini. Bitiruti mbichi yenye uzito wa gramu 100 ina chini ya miligramu moja ya chuma. Maharage yaliyopikwa ya uzito huohuo yana miligramu 2 hadi 3, na hakuna anayeyasifia kwa rangi yake.

Maji ya matembele yanastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Majani huchemshwa, maji yakawa na rangi ya kiza kati ya kijani na zambarau. Kisha ndimu inakamuliwa, na papo hapo maji yanageuka mekundu ya kung'aa. Ni tukio la kuvutia kweli, na si ajabu watu huliona kama uthibitisho. Kilichotokea ni kwamba anthosianini za majani hubadili rangi zinapokutana na asidi. Ukitia siki badala ya ndimu, utaona wekundu uleule. Majani yenyewe, ambayo ndiyo yenye lishe, mara nyingi hutupwa. Na katika maandalizi yote hayo, kitu ambacho kingeweza kumsaidia sana mtoto ni ile ndimu, kama ingekamuliwa mahali pengine: juu ya maharage yake. Kwa nini? Hapo ndipo kazi ilipo.

Fikiria kivuko cha Kigamboni. Chakula kikiwa tumboni bado kipo upande wa Kivukoni, kwenye foleni, na kwa kweli hakijaingia mwilini. Kuingia maana yake ni kuvuka kwenda Kigamboni, yaani kupita kwenye ukuta wa utumbo na kufika kwenye damu. Sehemu kubwa ya uvukaji wa chuma hufanyika katika kipande kifupi tu, mwanzo wa utumbo mwembamba. Ni kama lango la pantoni: ukilipita bila kupanda, umeachwa.

Chuma kinafika kwenye lango hilo kwa namna mbili. Sehemu ya chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa imefungwa ndani ya himu, yaani ile sehemu inayoshika chuma kwenye himoglobini. Hiki ni abiria mwenye boti yake. Hakai foleni, na kati ya asilimia 15 na 35 huvuka. Chuma cha maharage, dengu, mchicha, matembele na unga hakina boti. Kinategemea lango la kawaida, na lango hilo lina masharti mawili: abiria awe ameyeyuka kwenye majimaji ya utumbo, na awe katika umbo moja mahususi ambalo mlangoni wanalipokea. Chuma cha mimea mara nyingi hufika kikiwa katika umbo lisilopokelewa. Kwa hiyo kinachovuka huanzia asilimia 2 tu, na hata hali ikiwa nzuri sana hakizidi sana asilimia 20.

Sasa wanaingia abiria wengine. Chai ya majani ina polifenoli, zile zinazoleta ukakasi mdomoni. Hizi humkamata chuma pale kwenye foleni, wakashikamana wakawa fungu kubwa lisiloyeyuka, na fungu hilo halipiti mlangoni. Fitati zilizomo kwenye maharage na nafaka hufanya kazi kama hiyo. Upande wa pili yupo vitamini C. Yeye humshika chuma mkono, humbadilisha kuwa katika lile umbo linalopokelewa, na humweka akiwa ameyeyuka mpaka zamu yake ifike. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wote lazima wawe kwenye safari moja. Chungwa la saa mbili usiku halimsaidii chuma wa maharage ya mchana. Huyo pantoni ilishamwacha.

Mlinzi wa lango naye ana akili. Akiba ya chuma mwilini ikipungua, ini hupunguza homoni iitwayo hepsidini, na lango hufunguka zaidi. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kula sahani moja na wakapata viwango tofauti. Mwili unajitetea, ila una kikomo.

Tuweke namba. Mwili wa mtoto wa shule unahitaji kuingiza takriban miligramu moja tu ya chuma kwa siku. Akila gramu 100 za maharage yenye miligramu 2.5, na asilimia 5 ikavuka, amepata kama moja ya nane ya miligramu. Kikombe cha chai kikija juu yake, hata hiyo inakatwa.

Inakatwa kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulipima mlo wenye nyama ya kusaga na mkate: chai ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39. Mwaka 1999 watafiti wengine walipima mlo wa mkate, ambao hauko mbali na maandazi yetu. Chai nyeusi ilipunguza kati ya asilimia 79 na 94. Lakini chai ya mnanaa ilipunguza asilimia 84, na kakao asilimia 71. Kwa hiyo kumbadilishia mtoto chai ya majani ukampa kakao hakumalizi shida. Maziwa nayo hayaifuti. Yana kalsiamu, ambayo katika mlo mmoja hupunguza pia ufyonzaji wa chuma. Mtoto anayahitaji maziwa kwa mifupa yake. Yatafutiwe saa yake.

Je, asubiri muda gani? Hapa ushahidi haukubaliani vizuri. Katika ule utafiti wa 1983, kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikudhuru kitu, lakini iliyonywewa saa moja baada ya kula ilidhuru sawasawa na ile ya mezani. Utafiti wa 2017 uliofanywa Uingereza ulikuta kwamba kuchelewesha chai kwa saa moja baada ya mlo kulipunguza madhara yake. Walioshiriki humo walikuwa wanawake wachache, watu wazima, na tafiti hizo mbili zilipima vinywaji tofauti. Ningekuwa mzazi wa mtoto mwenye damu kidogo, ningeweka chai mbali kabisa na mlo wa maharage na kumpa maji.

Upande wa vitamini C, habari ni njema lakini nayo isitiwe chumvi. Katika majaribio ya mlo mmoja, vitamini C huweza kuongeza ufyonzaji wa chuma cha mimea mara mbili, mara tatu au zaidi. Majaribio ya wiki nyingi, watu wakila milo mchanganyiko, yalionyesha faida ndogo zaidi. Inasaidia zaidi pale ambapo mlo wote ni wa mimea, yaani hasa pale ambapo watoto wetu wengi wapo.

Na Dar es Salaam haina uhaba wa vitu hivi. Pera lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Papai linayo, embe linayo. Kachumbari, ambayo tumeifanya kuwa ya pilau na chipsi, ingefaa zaidi kwenye maharage: nyanya mbichi, kitunguu, ndimu. Hata lile embe bichi la chumvi na pilipili linalouzwa nje ya geti la shule, ambalo wazazi wengi wanaligombeza, lina vitamini C. Cha kugombeza ni maji yaliyoliosha na kisu kilicholikata. Unga mkavu wa ubuyu una vitamini C nyingi sana, lakini ule ubuyu mwekundu wa pakiti ni habari nyingine: kokwa hugeuzwageuzwa ndani ya shira ya moto yenye rangi, na joto huharibu vitamini C. Kinachobaki kwa wingi ni sukari. Sababu hiyohiyo ya joto ndiyo inayotaka ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshatoka jikoni.

Maharage yenyewe yanaweza kulegezwa. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza fitati kiasi, na huokoa mkaa. Dagaa wachache waliochanganywa humo hufanya kazi mbili: wanaleta chuma chao, na nyama ya samaki huongeza ufyonzaji wa chuma cha maharage.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui linahusu chapati. Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 zinazotaka unga wa ngano wa viwandani uongezewe madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Hivyo chapati inayoonekana kuwa wanga mtupu huenda inamletea mtoto chuma. Soma pakiti kabla ya kununua. Sembe ya mashine ya mtaani mara nyingi haijaongezewa kitu.

Na chakula si sababu pekee. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Kichocho humfanya mtoto apoteze damu kwenye mkojo. Ugonjwa wa selimundu (sikoseli) upo kwa wingi nchini kwetu, na huo haurekebishwi kwa ndimu. Msichana aliyevunja ungo ana hedhi ya kufidia kila mwezi. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili apimwe. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia himoglobini iliyo chini ya gramu 11.5 kwa desilita kwa umri wa miaka 5 hadi 11, na chini ya gramu 12 kwa miaka 12 hadi 14.

Kupima kunahusu pia vidonge vya kuongeza damu, ambavyo wazazi wengi hununua duka la dawa bila karatasi yoyote. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006: watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa au kufariki, katika mazingira yaliyokuwa na malaria nyingi. Miongoni mwa kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto ambao vipimo vilionyesha wamepungukiwa kweli chuma na damu walinufaika. Hao walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wetu, na si sahihi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja. Ila ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo yenye malaria mpaka sasa ni kwamba vidonge vya chuma viende pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Nami naongeza: dozi ya mtoto ipangwe na mhudumu wa afya aliyeona majibu yake ya maabara.